Golemu Akikua, Nani Analipa?

Kanuni za mchezo husomwa kwa haraka. Mchezaji anatafuta namba anayoihitaji, anaipata, anarusha dadu, anafunga kitabu. Kwa hiyo wengi wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hawajapata kutuliza macho juu ya ukurasa wa golemu na kuusoma kama wasomavyo hadithi fupi. Ukurasa huo umekaa kama makadirio ya fundi: vifaa hivi, uzito huu, gharama hii, ujuzi wa kiwango hiki. Lakini ndani ya makadirio hayo mna kisa kizima cha mtu anayetaka mtumishi asiyechoka, asiyelala, asiyebisha. Kisa hicho hakisimuliwi na sentensi. Kinasimuliwa na hesabu.

Nausoma ukurasa huo nikiifikiria Kasekese, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Nina sababu. Huko, kama kwingi magharibi mwa Tanzania, uwezo wa mtu huonekana kwa ukubwa wa shamba lake, na shamba ni mikono: mpunga unataka mikono ya kupandikiza na kuvuna, mahindi yanataka mikono ya palizi, na tumbaku inataka mikono tangu kitaluni hadi kwenye bani. Hilo linabadilisha swali tangu mwanzo. Katika mchezo, golemu husimama mlangoni pa hazina chini ya ardhi akingoja wezi. Mpe mkulima golemu huyohuyo na hatamweka mlangoni, atampeleka shambani. Na masimulizi ya upande huu wa nchi yalikwisha kumpeleka huko zamani, kwa jina la msukule.

Nianze na golemu. Ametoka katika masimulizi ya Wayahudi wa Ulaya, na maarufu zaidi ni lile la Rabi Loew wa Prague, ambaye inasimuliwa alifinyanga mtu wa udongo ili ailinde jamii yake. Mchezo ulimchukua huyo wa udongo ukampa ndugu: wa nyama, wa jiwe, wa chuma. Toleo ninalolisoma kwa karibu ni la 2003, ambalo wachezaji huliita la tatu nukta tano, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lililoandika uundaji na ukuzaji wa viumbe hawa kwa umakini kuliko mengine.

Tazama golemu wa nyama. Kanuni inataka viungo kutoka maiti zisizopungua sita: moja kwa kila mkono na kila mguu, moja kwa kiwiliwili pamoja na kichwa, moja kwa ubongo. Dawa za kupaka na vifungio vina thamani ya vipande 500 vya dhahabu. Kisha kanuni inakumbusha kwamba kumuunda kunahitaji uchawi ulio katika kundi la uovu. Ni ukumbusho mfupi, wa aina ile inayowekwa chini ya makadirio kusema kwamba usafiri hauhusiki. Maiti sita zimehesabiwa kama mbao za kenchi, hakuna jina la marehemu hata mmoja, hakuna ndugu aliyekuja kuuliza kaburi limefukuliwa na nani. Mwandishi wa kanuni hakusahau maadili. Aliyaweka mahali ambapo mchezaji mwenye haraka atayapita, na mimi naona huo ni ustadi mkubwa wa umbo, hata kama haukukusudiwa. Ubaridi wa orodha ndio sauti ya huyo anayeunda. Ndivyo anavyofikiri mtu aliyekwisha kuamua.

Halafu inakuja gharama. Bei ya sokoni ya golemu huyu ni vipande 20,000. Anayemuunda mwenyewe anatoa 10,500, na pamoja na hizo anatoa alama 780 za uzoefu wake. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame. Alama za uzoefu ndizo zinazompandisha mhusika ngazi. Kila alama ni jambo alilolipitia: jitu alilolishinda, mtego alioukwepa, safari iliyomwia ngumu lakini akarudi. Haziokotwi wala haziuzwi. Kanuni ya 2003 inasema golemu hapati uhai mpaka muundaji akate kipande cha maisha aliyokwisha kuyaishi na kumpa. Inaongeza sharti jingine: huruhusiwi kutoa alama nyingi kiasi cha kushuka ngazi. Unaweza kujipunguza, lakini huwezi kujifuta.

Hesabu yake inafuatika. Toa thamani ya vifaa vya mwili, yaani 500, katika bei ya 20,000, kinachobaki gawa kwa 25, unapata 780. Golemu wa udongo ana bei ya 40,000 na vifaa vya 1,500, na muundaji wake anatoa alama 1,540. Wa chuma ana bei ya 150,000 na vifaa vya 10,000, naye anadai alama 5,600. Katika golemu hawa watatu mizani ni ileile. Haijali kama umechagua udongo mnyenyekevu au ratili 5,000 za chuma safi. Inachojali ni kiasi gani umetaka.

Sasa mkuze. Nguvu ya golemu hupimwa kwa dadu za uhai, na huyu wa nyama huanza na 9. Kila dadu ya ziada inapandisha bei kwa vipande 5,000. Anaweza kufika dadu 18 akiwa bado na umbo lilelile. Dadu ya 19 inamsukuma kwenye ukubwa unaofuata, na hatua hiyo ya ukubwa inaongeza vipande 50,000 peke yake. Fuata bei inavyokwenda. Kutoka 9 hadi 18 ni mwendo wa taratibu: 20,000 inakuwa 65,000, na deni la uzoefu linapanda kutoka 780 hadi 2,580. Kila dadu inagharimu alama 200, si haba lakini inabebeka. Kisha mtu anataka moja zaidi. Dadu hiyo moja inapeleka bei kwenye 120,000 na deni la uzoefu kwenye 4,780. Alama 2,200 kwa dadu moja, mara kumi na moja ya ile iliyotangulia.

Huo mruko ndio kilele cha kisa, na umeandikwa bila kivumishi hata kimoja. Tamaa ya mtu haikui kwa mstari ulionyooka. Inakwenda polepole, inazoea, kisha inafika mahali ambapo hatua ndogo kama zote zilizotangulia inadai kitu cha namna nyingine. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima kutuonyesha hilo. Kanuni imetuonyesha kwa kuongeza 50,000 mahali pamoja.

Kuhusu kuchanganya viumbe hawa na uchawi mwingine nitasema kwa kifupi, ingawa wachezaji wengi hupenda zaidi upande huo. Golemu wa nyama akipigwa na uchawi wa umeme haumii. Kila pointi tatu za madhara zinamponya pointi moja. Wa chuma anaponywa na moto kwa hesabu hiyohiyo, na umeme unamfanya awe mzito. Kwa hiyo mwenye golemu anayeijua kanuni anampiga mtumishi wake radi katikati ya vita ili amtibu. Ni mchanganyiko mzuri kuutazama mezani. Umeme wenyewe, nionavyo, umetoka zaidi katika filamu ya Frankenstein ya 1931 kuliko katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818, ambayo haielezi wazi namna kiumbe yule alivyopata uhai. Nguvu ya kuchanganya huku ni kwamba kunabaki mwaminifu kwa kile golemu alichoundwa nacho. Hakuna kiungo kinachosahau kilikotoka.

Kuna pia hatari. Golemu wa nyama akiwa vitani ana uwezekano wa asilimia 1 wa kupandwa na wazimu, na asilimia hiyo inaongezeka kwa 1 kila mzunguko. Muundaji akiwa karibu anaweza kumtuliza kwa maneno mazito. Golemu wa udongo ni mkali zaidi: akishapandwa hakuna njia inayojulikana ya kumrudisha.

Basi tugeukie magharibi mwa Tanzania. Msukule, kama anavyosimuliwa, ni mtu aliyekufa ghafla, akazikwa, akaliliwa, kumbe hakufa: amechukuliwa. Amekatwa ulimi asiweze kusema. Analishwa pumba. Mchana anafichwa, usiku analima. Hajui jina lake, na ndugu yake akimpita hamtambui. Wakazi wa Katavi ni mchanganyiko wa Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma na mifugo yao, pamoja na familia zilizotoka Burundi baada ya 1972 na kuishi Katumba na Mishamo. Simulizi linalopokewa na watu wa asili nyingi hivyo hubakiza mifupa tu, na mifupa ya hili ni mitatu: kifo kisichoelezeka, shamba kubwa lisiloelezeka, na mtu anayeviunganisha viwili hivyo.

Pamoja nalo huenda simulizi la ndagu, uganga wa utajiri, ambalo kwangu ndilo lenye kanuni halisi ya kukuza. Mtu anakwenda kwa mganga kutaka mali, naye anapewa masharti. Mwanzoni masharti ni mepesi: asioge siku fulani, asile chakula fulani. Mali inakuja. Kisha inataka kulishwa ili iendelee kukua, na sasa inataka mtu: kwanza wa ukoo wa mbali, kisha mpwa, kisha mtoto wa kumzaa, na mwisho mama. Bei inapanda kwa kukaribia damu. Linganisha na dadu ya 19. Hapa hakuna 5,000 wala 50,000, lakini umbo ni lilelile: mwendo wa taratibu, mazoea, kisha hatua moja inayodai kitu cha namna nyingine. Wasimulizi wetu waliijua hesabu hii bila kitabu cha kanuni, na ngazi yao, nathubutu kusema, ni nzito kuliko ya Wamarekani. Dhahabu inaweza kurudi. Mama harudi.

Lakini nikiyaweka maumbo haya mawili bega kwa bega naona tofauti ambayo sijaona ikisemwa. Ukurasa wa golemu unakwenda mbele. Unaanza na muundaji, unapitia vifaa, unaishia kwa kiumbe. Tunajua tangu mstari wa kwanza nani anataka, na tunaiona gharama ikikatwa kwake. Simulizi la msukule linakwenda kinyumenyume. Linaanza na matokeo, yaani shamba lililolimwa na mali iliyojaa, na kutoka hapo linarudi kumtafuta muundaji. Halina ukurasa wa vifaa ambao mtu angeweza kuukagua. Halihitaji kuonyesha lolote, kwa kuwa msukule katika simulizi hawezi kusema wala kuonekana na asiye na jicho la kumwona. Umbo la namna hiyo lina mwisho mmoja tu: kidole kinachonyooshwa kwa jirani.

Na kidole hicho kimeua watu. Kanda ya magharibi na ziwa, Katavi na Rukwa zikiwemo, imeshuhudia vikongwe wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka yote waliyopikia watoto na wajukuu. Sheria ya Uchawi ipo nchini tangu 1928. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli inayochonganisha ndiyo chombo kinacholikamilisha simulizi la kinyumenyume: inatoa jina pale umbo lilipoacha nafasi tupu. Katika ukurasa wa 2003 anayetaka kiumbe ndiye anayelipa. Katika ndagu analipa ndugu wa anayetaka. Na simulizi linapotoka mdomoni likaingia kijijini, analipa mtu ambaye hakutaka chochote.

Ndiyo maana nilisikitika kuona michezo yenyewe ikikiacha kipengele cha uzoefu. Wachezaji wengi walikilalamikia. Hawakupenda kumpunguza mhusika wao. Pathfinder, mchezo uliojengwa mwaka 2009 juu ya kanuni hizohizo, uliiondoa gharama ya alama ukabakiza dhahabu. Kitabu chake cha Ultimate Magic cha 2011 kilileta kanuni tele za kurekebisha na kuongezea viumbe vya kuundwa, hata kumfanya kiumbe avaliwe kama deraya na mwenye kumiliki. Ni kazi ya kibunifu, na nimeifurahia. Lakini kila nyongeza pale ni manunuzi. Mwenye mfuko mnene anaongeza, mwenye mfuko mwembamba anangoja, na hakuna anayetoka mezani akiwa amepungua.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, lilichukua njia nyingine. Linatumia kitabu cha kichawi chenye maelekezo ya golemu mmoja. Wa nyama anachukua siku 60 na vipande 50,000; wa udongo siku 30 na 65,000; wa jiwe siku 90 na 80,000; wa chuma siku 120 na 100,000. Kazi ikikamilika kitabu kinateketea kwa moto wa ajabu, na golemu anaamka majivu yake yanaponyunyizwa juu yake. Picha hiyo ya majivu ni nzuri, tena ina mantiki: maarifa yanatumika mara moja na kwisha. Ila angalia kilichohamishwa. Kinachoungua ni kitabu, aliyekisoma haungui. Siku 120 mezani hupita kwa sentensi moja ya msimamizi wa mchezo. Na kanuni ya kumkuza golemu kwa dadu za ziada haimo humo, kwa hiyo kile kisa cha tamaa inayozoea hakina tena mahali pa kutokea.

Kwa anayetaka kuandika mchezo wa namna hii kwa Kiswahili, mfano wa karibu wa kitu kinachokua kwa gharama ya mwenyewe upo barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni zamu kwa zamu. Nyumba inanenepa kadiri mchezo unavyokwenda. Mwenye zamu anayekula na kumalizia kete yake ya mwisho katika nyumba yake ana hiari: alale hapo, au asafiri nayo. Akisafiri, nguvu yote aliyoikusanya inatawanyika shimo kwa shimo. Pengine inamletea ushindi. Lakini nyumba imekwisha kuwa nyumba. Kuanzia hapo ni shimo kama mengine. Na muda wote aliokuwa akiinenepesha, mpinzani alikuwa akiitazama, kwa kuwa nyumba iliyojaa ndiyo mlo mkubwa kuliko yote akifanikiwa kuila.

Hakuna toleo lolote la golemu nililolisoma lenye ukali huu. Golemu akikua anakuwa salama zaidi. Nyumba ikikua inakuwa tegemeo na hatari kwa wakati mmoja, na mwenyewe anajua, na wote waliozunguka ubao wanajua. Hakuna siri, kwa hiyo hakuna wa kusingiziwa.

Katavi nayo ina simulizi linalokwenda mbele. Wabende husimulia habari za Katabi, roho inayosemwa kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1974, na ambayo jina lake limebebwa pia na mkoa uliozaliwa 2012. Watu huacha sadaka chini ya mti huo. Anayeomba anakuja kwa miguu yake, na alichokileta ni chake. Msimulizi hahitaji kumtafuta mlipaji, amesimama pale chini ya mkwaju.

Hivyo ningependa kuona mchezo wa Kiswahili ambao mhusika wake anaishi mahali kama Kasekese, anataka kiumbe wa kumlimia, na kanuni inamwambia waziwazi kitakachokatwa kwake. Si dhahabu peke yake. Iwe kumbukumbu ya safari moja, iwe ujuzi alioupata kwa jasho, iwe sauti, iwe rafiki atakayeacha kumtambua. Iandikwe kwenye karatasi yake mwenyewe, wachezaji wenzake waione, na kila anapomkuza kiumbe huyo afute mstari kwa mkono wake. Akifika kwenye dadu ya 19, msimamizi wa mchezo amsomee kilichobaki kabla hajajibu. Nguvu aliyoilimbikiza iwe kama nyumba ya bao: akiitumia, basi. Na pasiwe na kanuni hata moja inayomruhusu kulipa kwa mwili wa mpwa wake wala inayomtaka mchezaji abashiri nani kijijini ni mchawi.

Wabunifu wetu wanaochora katuni, wanaoandika programu za michezo na wanaosimulia redioni wamezoea kumchukua msukule alivyo, kwa sababu anatisha na anauza. Nawaomba wachukue ile ngazi ya masharti, ambayo ni kazi bora ya umbo, na waigeuze upande. Kanuni iandikwe kuanzia kwa anayetaka, na gharama yake isomwe kwa sauti mezani kabla dadu haijarushwa.